Jigi ya Morrison na Watu Walioibeba

Wasikilizaji wangu, leo nina jigi moja tu mkononi, muziki wa kuchezea dansi kutoka Ayalandi, na ningependa tukae nayo mpaka muda wetu uishe. Inaitwa Jigi ya Morrison. Ukiingia jioni kwenye baa ya Galway, Dublin au Boston, ukakuta wapiga fidla na filimbi wamekaa duara, ukingoja kidogo huenda utamsikia mmoja akiianzisha na wenzake wakaidaka bila kuulizana. Wanaoanza kujifunza hufundishwa mapema, maana haisumbui kushika. Na kwa jina lake hilo, wengi wanaamini kwamba Morrison ndiye aliyeitunga.

Morrison hakuitunga. Inasimuliwa kwamba aliijua usiku mmoja tu kabla ya kuirekodi.

Usiku huo tutaufikia. Kwanza tuione jigi yenyewe ilivyojengwa, kwa sababu habari ya asili ya muziki, ukiisimulia bila muziki wenyewe, hubaki orodha ya majina.

Wekeni kiganja mezani, mhesabu nami. MOJA-mbili-tatu, NNE-tano-sita. MOJA-mbili-tatu, NNE-tano-sita. Ninyi wa pwani mliokulia kwenye chakacha hesabu hii ya sita mnaijua mwilini, ingawa ngoma za chakacha huivutavuta, mkono mmoja ukienda kwa mbili na mwingine kwa tatu, na jigi huenda nayo moja kwa moja. Hicho ni kipimo kimoja. Vipimo vinane ni sehemu ya kwanza, hupigwa mara mbili. Vinane vingine ni sehemu ya pili, navyo mara mbili. Jumla vipimo 32, kisha mpigaji anarudi mwanzo. Kwa mwendo wa wachezaji, mzunguko mzima huchukua nusu dakika hivi. Hiyo nusu dakika iwekeni akibani, tutaihitaji.

Jigi ziko za namna kadhaa. Iko inayohesabiwa tisa, ambayo siku hizi mashindanoni huchezwa zaidi na wanawake. Iko nyingine ya kasi inayoitwa slaidi, inayopendwa sana mpakani mwa kaunti za Cork na Kerry, kwenye eneo la Sliabh Luachra. Lakini ile ya sita ndiyo iliyojaza vitabu na miguu ya watu.

Sasa njooni kwenye Jigi ya Morrison. Inafunguliwa na noti ya E ya chini, ndefu, inayokula hesabu tatu zote. Kisha B, nayo inakula tatu. Kipimo cha kwanza kimekwisha na noti zilizopigwa ni mbili tu. Ndipo kipimo cha pili kinachangamka: E-B-E, A-F-D, kinateremka mwishoni, halafu ile E ndefu inarudi. Katika sehemu ya pili mpigaji anapanda: B-E-E, F-E-E, A-E-E, F-E-E. Kila mara vidole vinaiendea noti mpya, na kila mara vinarudishwa kwenye E ya juu, mara mbilimbili. Msikilizaji asiyejua lolote la muziki husikia kwamba sehemu ya kwanza inakanyaga chini na ya pili inaruka.

Siri iko kwenye zile noti mbili ndefu za mwanzo. Noti ndefu ni nafasi, na mpigaji wa Ayalandi akiona nafasi haiachi hivihivi. Kuna pambo moja ambalo kila fundi lazima alijue. Unapiga noti yako, unaigusa ya juu yake kwa mguso mfupi, unarudi, unaigusa ya chini yake, unarudi. Mambo matano ndani ya hesabu tatu, na noti yenyewe isipotee katikati. Hesabu tatu ndizo hasa pambo hilo linazotaka, kwa hiyo nusu ya kipimo cha jigi linaenea bila kubaki wala kupungua. Fundi mmoja ataliweka kwenye E na kuiacha B wazi. Mwingine atafanya kinyume. Wa tatu atazivunja noti zote mbili vipandevipande, na mzunguko unaofuata atazinyoosha tena, ili wasikilizaji wapumue.

Na chombo nacho kina lake. Wapiga fidla wa Donegal, kaskazini, hupenda kuvuta upinde kwa pigo fupi kwa kila noti, na muziki wao unatoka mkavu na wenye makali. Wa Sligo hufunga noti kadhaa katika mvuto mmoja wa upinde, na jigi inaanza kubembea. Zumari ya Ayalandi, ile inayojazwa hewa kwa mvukuto uliobanwa chini ya kiwiko, inaweza kukata sauti kabisa kati ya noti na noti, jambo ambalo zumari nyingi haziliwezi. Akordioni ya vitufe huingia na pumzi yake mwenyewe, kwa sababu mpigaji lazima ageuze kutoka kuvuta kwenda kusukuma, na kila anapogeuza kuna mkazo mdogo unaosikika. Jigi ni ileile. Mkipewa rekodi nne za mafundi wanne mtaitambua katika zote nne, na hakuna mbili zitakazofanana.

Wapo watu wanaoumia wakisikia hivyo. Wanataka kujua ipi ndiyo sahihi, ipi ilitangulia. Nawaelewa, lakini naona swali hilo linatafuta kitu mahali ambapo hakijapata kuwepo.

Tazameni jigi zilivyofika Ayalandi. Kama dansi, jigi ilikuwa ikichezwa Uingereza zama za Shakespeare. Kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya ilivaa mavazi ya kifahari, mpaka mtunzi Bach akawa anafungia mfululizo wake wa dansi kwa kipande cha namna hiyo. Kwa hiyo Ayalandi haikuimiliki peke yake. Ilichofanya Ayalandi ni kuishusha sakafuni kwa maskini na kuizalisha kwa maelfu.

Kati ya mwaka 1776 na 1779 Mwingereza mmoja, Arthur Young, bingwa wa mambo ya kilimo, alizunguka nchi ile akikagua mashamba, na kitabu chake cha safari kikatoka mwaka 1780. Alikuwa akitazama udongo, ng'ombe na kodi za ardhi, lakini hakuweza kupita bila kuandika kuhusu dansi. Alikuta kwamba hata watu wa hali ya chini kabisa walikuwa na mwalimu wao wa dansi, mtu wa tabaka lao, aliyetembea kibanda hadi kibanda akiongozana na mpiga zumari au mpiga fidla kipofu, na ada ilikuwa peni sita kwa robo mwaka. Fikirini hilo: watu waliokuwa wakila viazi na maziwa, wakitoa peni sita ili watoto wao wajue kuipiga sakafu ya udongo kwa mpango.

Juu ya walimu hao kuna simulizi linalorudiwa mpaka leo. Mwanafunzi asiyetofautisha kulia na kushoto alifungwa nyasi kavu mguu mmoja na bua la ngano mguu wa pili, na mwalimu, badala ya kusema kulia na kushoto, aliita nyasi, bua, nyasi, bua. Mtoto wa mkulima hawezi kukosea nyasi na bua.

Mwalimu wa dansi alihitaji muziki usioisha. Mwanamuziki wake alitunga, alikumbuka, na alichukua popote alipopata. Alichukua muziki wa gwaride la askari akaugeuza jigi. Alichukua mahadhi ya Uskoti. Alichukua hata nyimbo za majukwaa ya London. Jigi inayojulikana sana kwa jina la Haste to the Wedding ilitumika mwaka 1767 katika mchezo uliochezwa kwenye ukumbi wa Drury Lane, London, na leo Ayalandi, Uskoti, Kisiwa cha Man na sehemu za Kanada kote wanaipiga kwa raha ya mtu aliye nyumbani kwake. Sioni aibu yoyote katika hilo. Muziki wa dansi hupimwa na mguu, na mguu hauulizi hati ya kuzaliwa.

Kisha ikaja njaa kubwa ya mwaka 1845 hadi 1852. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya hao wakapanda meli. Nawaomba msiipite sentensi hiyo upesi. Vijiji vilivyokuwa na mpiga zumari, mwalimu wa dansi na vijana wa kucheza vilibaki na kuta, na yaliyonusurika katika muziki yalinusurika vichwani mwa watu waliotawanyika ng'ambo.

Hapo anaingia mtu wa ajabu, Francis O'Neill. Alizaliwa mwaka 1848 Tralibane, karibu na Bantry, kaunti ya Cork. Alikimbilia baharini akiwa kijana, akazunguka dunia, akaishia kuwa askari polisi Chicago, na kuanzia 1901 hadi 1905 alikuwa mkuu wa polisi wa mji ule wote. Na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukusanya muziki wa kwao. Alifuata wapigaji majumbani na kwenye vituo vya polisi. Yeye mwenyewe alikuwa na mahadhi mengi kichwani tangu utotoni, na askari mwenzake aliyeitwa James O'Neill, mtu wa kaunti ya Down, alikaa na kalamu akiyanasa kwenye karatasi. Kitabu chao cha mwaka 1903 kina vipande 1,850, na kati ya hivyo jigi za hesabu ya sita ni 415. Cha mwaka 1907 kina vipande 1,001, vyote vya dansi, nacho ndicho wapigaji wa karne nzima iliyofuata walikiita "kitabu" tu, na kila mtu akajua ni kipi.

Jambo lililomsumbua O'Neill ndilo linalotuhusu leo: majina. Jigi moja ilimjia kwa majina matatu au manne, na jina moja lilibandikwa kwenye jigi mbili zisizohusiana hata kidogo. Kwa Waayalandi jina la jigi si maelezo ya muziki. Mara nyingi ni kumbukumbu ya mtu uliyeipata kwake. Ukija kwangu ukanifundisha jigi na sikuiuliza jina, kesho nitaipiga kwa watu na kuiita jigi yako. Ni shukrani. Lakini shukrani hiyo humfikia wa mwisho kwenye mnyororo, na waliotangulia wanafunikwa.

Na sasa twende New York. James Morrison alizaliwa mwaka 1893 karibu na kijiji cha Riverstown, kaunti ya Sligo. Alihamia Marekani mwaka 1915, na kuanzia mwaka 1921 alikuwa akirekodi santuri. Pamoja na Michael Coleman, mtu wa Sligo mwenzake, ndiye aliyeifanya fidla ya Sligo isikike kila mahali palipo na Mwayalandi na gramafoni. Wanafunzi wake walimwita Profesa. Alijua kusoma na kuandika muziki, na upinde wake ulikuwa mwepesi mno. Anaposhika ile E ndefu hamtasikia upinde ukianza wala ukiisha.

Mwenzake katika habari hii ni Tom Carmody, mpiga akordioni kutoka Kerry. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 wawili hao walikuwa na miadi studio kesho yake, na walipungukiwa na kipande kimoja cha kujaza santuri. Carmody akatoa jigi aliyokuwa nayo tangu nyumbani, aliyoipata kwa baba yake, Maurice Carmody. Kule Kerry waliijua kwa jina linalomaanisha Fimbo Iliyokingama Mekoni. Morrison akaisikiliza, akaiandika kwenye karatasi, na kesho yake wakairekodi.

Kumbukeni ile nusu dakika. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi. Jigi moja ikizungushwa mara tatu inakula dakika moja na nusu. Kwa hiyo ili kuujaza upande mmoja ulihitaji jigi mbili zilizoungana, na kipande kikipungua lazima kitafutwe usiku huohuo. Desturi ya leo ya kuunganisha jigi mbili au tatu bila kupumzika ilikomaa ndani ya kipimo hicho cha dakika tatu.

Lebo ya santuri ilipobandikwa, jina lililoandikwa lilikuwa la Maurice Carmody: jigi aipendayo Maurice Carmody. Kwa hiyo kwenye karatasi haki ilitendeka. Mzee wa Kerry alitajwa kwenye santuri iliyotengenezwa New York, na naona fahari kubwa katika hilo. Wasikilizaji ndio waliobadilisha. Walikuwa wakisikia fidla, na fidla ilikuwa ya Morrison. Mtu alimwambia mwenzake, nipigie ile ya Morrison. Mwenzake akamwambia wa tatu. Baada ya miaka jina la Maurice likabaki kwa wachunguzi wa santuri kuukuu, na jina la fimbo na meko likabaki kwa wachache zaidi.

Simlaumu mtu. Lakini nataka tulitazame lile lililokuwa likitokea ng'ambo ya pili mwaka uliotangulia. Mwaka 1935 bunge la Ayalandi lilipitisha sheria ya kumbi za dansi, iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na leseni. Sheria ilizungumzia hadhara, lakini mapadri na polisi waliitumia kuzikandamiza dansi za majumbani, zile za jikoni, ambako majirani walisukuma meza kando na mtu mmoja akashika fidla. Junior Crehan, mpiga fidla wa magharibi mwa kaunti ya Clare aliyeishi kutoka 1908 hadi 1998, aliyasimulia mambo hayo kwa uchungu mpaka uzeeni: watu walitozwa faini kwa kucheza nyumbani, vijana walihama, na muziki ukakosa mahali pa kukaa. Basi santuri za Marekani zilipofika vijijini ndani ya vifurushi vya jamaa waliohama, zilikuta majiko yaliyokwisha nyamazishwa. Kijana wa Kerry sasa aliweza kuipata jigi ya Kerry kwa njia moja tu ya uhakika: kutoka kwenye sindano ya gramafoni, imeshavikwa mapambo ya Sligo.

Ndiyo maana siwezi kuzisifu santuri bila kusita. Ziliokoa mengi, hilo halina ubishi. Bila ile ya 1936 huenda mimi na ninyi tusingekuwa na jigi hii ya kuzungumza. Lakini pia ziliifanya namna moja ya kupiga ionekane ndiyo namna, na mafundi wengi wa mikoa mingine walianza kuona haya kwa mikono yao wenyewe. Mtu aliyeipokea jigi kwa baba yake, na mapambo ya baba yake, aliyaacha ili afanane na santuri. Hiyo ni hasara, na mapambo yaliyoachwa hivyo hayarudi kwa kuyatamani.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuirudisha picha nzima ni Breandán Breathnach, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1985. Alikuwa mtumishi wa serikali, na muda wake wa ziada aliutumia kuandika kadi, maelfu kwa maelfu. Alijua kwamba majina hayategemeki, basi akaupanga muziki kwa muziki wenyewe. Alichukua noti zinazobeba mkazo katika vipimo vya mwanzo, akazipa tarakimu kulingana na nafasi zake katika ngazi ya sauti, na kadi zikapangwa kwa tarakimu. Jigi mbili zenye majina tofauti, moja ya Kerry na moja ya Donegal, zikiwa ni mtu na ndugu yake hujikuta zimekaa jirani kwenye droo. Mwaka 1963 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake, Ceol Rince na hÉireann, na ndani yake anaeleza nani alimpa kipande gani. Hicho ndicho ninachokithamini zaidi. Kitabu chake hakiishii kwenye noti, kinamtaja aliyezipiga.

Na ndivyo wafanyavyo mafundi wazuri wa Ayalandi hata sasa. Kabla ya kuinua upinde, au baada ya kumaliza, husema: hii niliipata kwa fulani, naye aliipata kwa mjomba wake. Inachukua sekunde kumi. Kwa jigi yetu sekunde hizo zingetosha kusema: ni ya Maurice Carmody wa Kerry, aliyempa mwanawe Tom, aliyempa James Morrison wa Sligo mjini New York mwaka 1936.

Mafundi wetu wa mitambo wamekwisha iandaa. Mtaisikia kwanza ikipigwa na fidla peke yake, kisha akordioni ya vitufe, na mwisho zumari. Shikeni hesabu ya sita kwa kiganja, na kila mzunguko unapoanza upya sikilizeni ile E ya kwanza: nani kaiacha ndefu, na nani kaijaza.